Kilti pamoja na kola ya kichungaji: mtumishi avaeje katika hafla rasmi za Kiskoti?

Mgeni wa Clyde aliuliza:

Nawasalimu nyote katika jina la Bwana. Mimi ni mchungaji wa Kipresbiteri kutoka Kenya, na huu ni mwaka wa tatu nikihudumu katika kanisa moja karibu na Glasgow. Mwezi uliopita wazee wa kanisa walinitunuku vazi kamili la Nyanda za Juu za Uskoti: kilti, yaani ile sketi ya miraba na marinda wanayovaa wanaume, ya yadi 8 iliyoshonwa kwa mkono, mkoba wa mbele uitwao sporani, soksi ndefu, viatu ambavyo kamba zake huzungushwa kifundoni, koti fupi la jioni liitwalo Prince Charlie pamoja na kizibao chake cha vifungo vitatu, na kile kisu kidogo cha kuchomeka soksini ambacho Waskoti hukiita sgian dubh. Kisu hicho kilikuwa cha marehemu baba yake mzee aliyenikabidhi, kwa hiyo haitakuwa adabu kukifungia sandukuni.

Zawadi imekuja na mialiko miwili. Wa kwanza ni harusi ya binti wa mzee huyo huyo: mimi ndiye nitakayefungisha ndoa mchana, kisha nitabaki kwa chakula na ngoma hadi usiku. Wa pili ni karamu ya Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba, ambako nimeombwa kutoa sala ya chakula, na kadi imeandikwa kwamba wageni wavae suti ya jioni yenye tai nyeusi ya kipepeo au vazi la Nyanda za Juu. Nilipolijaribu vazi hili mbele ya kioo nikiwa na shati langu jeusi la kichungaji na kola nyeupe, mke wangu aliniambia kwamba kuanzia kiunoni kwenda juu ninafanana na mhudumu wa hoteli aliyepoteza tai yake, na kwa kweli sikuweza kumpinga.

Naomba kujua, kwanza, kama kola inaweza kuvaliwa na koti la Prince Charlie, au ni lazima nichague kati ya kola na tai. Pili, je, kilti inavaliwa chini ya kanzu na joho wakati wa ibada, au nibadilishe nguo kati ya ibada na karamu? Tatu, kuhusu hicho kisu: mhubiri wa amani apande madhabahuni akiwa na silaha mguuni? Kanisa lililonilea lilianzishwa na wamisionari wa Kiskoti waliofika Kikuyu mwaka 1898, na hata jina la Thogoto ni neno Scot lilivyotamkwa na wazee wetu, lakini picha zote za wamisionari nilizokua nikiziona ukutani zilikuwa za suti na kola. Hakuna aliyetufundisha habari ya magoti wazi.

Fundi wa Leith alijibu:

Mchungaji, karibu. Nimefanya kazi miaka kumi na moja katika duka la kukodisha mavazi ya Kiskoti hapa Edinburgh, na swali lako huletwa kaunta kila mwaka na makasisi wa madhehebu yote, wengi wao wakiwa Waskoti wenyewe. Mke wako ameona sawasawa, na kosa halimo katika kola wala katika koti, bali katika kizibao.

Koti la Prince Charlie limekatwa kwa ajili ya shati jeupe na tai ya kipepeo. Ni fupi mbele, lina hariri kwenye ukosi, halifungwi vifungo, na kizibao chake kimechimbwa chini sana ili kifua cheupe cha shati kionekane. Ukivaa shati jeusi la kichungaji mahali hapo, unapata pengo kubwa la kitambaa kisichong'aa katikati ya hariri inayong'aa, na kile kipande cheupe cha kola kinabaki kinaelea juu peke yake. Dawa yake ni kukiacha kizibao cha vifungo vitatu nyumbani na kuvaa kizibao cha kichungaji, yaani kile kinachopanda hadi shingoni na kufungwa kwa nyuma au ubavuni, ambacho maduka ya mavazi ya kanisa huuza kwa sufu nyepesi au kwa hariri nyeusi. Chini yake unavaa shati jeupe lisilo na ukosi, lenye mikono ya kufungwa kwa vishikizo vya fedha, kisha unafunga kola yako ya duara. Hapo kifua chote kinakuwa cheusi bila mkato, mikono inaonyesha weupe kidogo, na vifungo vya fedha vya koti vinafanya kazi yake. Nimewavalisha wengi hivyo na sijawahi kumwona aliyeonekana amekosea.

Kwa mchana ningekushauri koti jingine kabisa. Koti la Argyll ni refu kidogo kuliko Prince Charlie, halina hariri, na kizibao chake kina vifungo vitano na kimepanda juu, kwa hiyo hata shati la kawaida la kichungaji linakaa vizuri ndani yake. Likiwa la kitambaa cheusi na vifungo vya fedha, linafaa harusini, mazikoni na hata kwenye karamu ya jioni isiyo na masharti makali. Kama bajeti inaruhusu kununua koti moja tu la kuongeza, nunua hilo, kwa sababu mchungaji ana shughuli nyingi za mchana kuliko za usiku. Makoti ya sufu nzito ya rangi ya majani makavu au kijivu ni mazuri pia, lakini hayo ni ya matembezi na maonyesho ya kilimo, si ya kufungishia ndoa.

Jihadhari na makoti ya Montrose na Sheriffmuir, ambayo huenda mtu akakuazima kwa nia njema. Hayo ni ya daraja la juu kuliko Prince Charlie na huvaliwa na lesi inayoning'inia shingoni. Lesi na kola ya kichungaji hugombania sehemu ile ile ya mwili, na anayejaribu kuvaa vyote viwili anakuwa kama aliyevaa tai mbili. Akitaka lesi, avue kola.

Mengine kwa ufupi: pindo la kilti liishie katikati ya goti, marinda yakae nyuma, na pini ipite kwenye tabaka la juu tu la upande wa mbele, maana ukiunganisha matabaka yote mawili utakichana kitambaa siku ya kwanza utakapokaa kitini.

Kasisi Mstaafu alijibu:

Fundi amesema vizuri kuhusu nguo, lakini naomba nirudi nyuma hatua moja, kwa sababu kabla ya kuuliza kola ivaliwe na koti gani, mchungaji anapaswa kujiuliza anakwenda kule kama nani. Nimekuwa kasisi wa Kianglikana kwa zaidi ya miaka arobaini, kwanza Tanzania na baadaye Uskoti, na nimeona watumishi wakivaa kola katika kila dhifa kana kwamba ikivuliwa upadri nao unavuliwa. Kola haiwi pambo la shingoni. Inawaambia watu kwamba huyu yuko kazini na anaweza kuombwa sala, ushauri au faraja. Anayekwenda kwenye karamu kama mgeni wa kawaida, ameketi na mkewe na amekwenda kucheza ngoma za Kiskoti, ana ruhusa kamili ya kuvaa shati jeupe, tai nyeusi ya kipepeo na kizibao cha vifungo vitatu kama wanaume wengine, na mimi huona kwamba waumini hufurahi kumwona hivyo.

Kwa hiyo jibu langu linatofautiana na la Fundi katika jambo moja. Katika karamu ya tarehe 30 Novemba umeombwa kutoa sala, basi uko kazini, vaa kola na kile kizibao kirefu. Katika harusi uko kazini hadi vyeti vitakapotiwa sahihi, na baada ya hapo wewe ni mgeni. Ningebadilisha kola kwa tai kabla ya chakula cha jioni, kama kuna chumba cha kufanyia hivyo. Ndugu zetu Wakatoliki wana mizani yao, kwa kuwa kanuni namba 284 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawataka makleri wavae vazi la heshima la kikanisa kwa kufuata taratibu za baraza la maaskofu na desturi halali za mahali. Hapo neno «mahali» lina uzito wake.

Wapo watakaokuambia kwamba kola ni ya kanisani na kilti ni ya kidunia, na kwamba havipatani. Wakumbushe kwamba uvumbuzi wa kola hiyo mara nyingi huhusishwa na Donald McLeod, mchungaji wa Kipresbiteri wa Glasgow wa karne ya 19, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba kola yenyewe ni ya Kiskoti kama kilti. Nalo vazi la jioni unalolivaa si la kale kama watu wanavyodhani. Baada ya jeshi la Prince Charles Edward Stuart, aliyedai kiti cha ufalme, kushindwa katika vita vya Culloden tarehe 16 Aprili 1746, Bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku mavazi ya Nyanda za Juu kwa wanaume, isipokuwa waliokuwa askari wa Mfalme, na sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Heshima ya vazi hilo katika dhifa za wakubwa ilipata nguvu mwaka 1822, Mfalme George IV alipotembelea Edinburgh kwa sherehe zilizopangwa na mwandishi Walter Scott. Koti lenye jina la huyo Prince Charles, yaani Prince Charlie, lilikuja baadaye sana, yeye akiwa ameshazikwa Roma. Ninayasema haya ili usije ukatishwa na mtu yeyote anayedai kwamba «tangu zamani za kale» makasisi wamevaa hivi au vile.

Mama wa Fife alijibu:

Ninashukuru kwa yote yaliyosemwa, ila naona swali la pili limerukwa, nalo ndilo litakalomtesa mchungaji siku yenyewe. Mimi pia ni mchungaji, na ingawa sivai kilti, nimehudumu na wenzangu wanaoivaa chini ya kanzu, na nimeketi nyuma yao kwenye kiti cha madhabahuni nikiona yanayotokea.

Kilti chini ya kanzu nyeusi inawezekana, lakini yadi 8 za sufu hazifichiki. Marinda ya nyuma hulifanya vazi litutumke unapoketi, kwa hiyo jifunze kuyapitishia viganja vya mikono na kuyalaza kabla hujakaa, kama tulivyofundishwa sisi wanawake tangu utotoni. Sporani ndiyo adui mkubwa: chini ya kanzu inatokeza mbele kama mfuko uliofichwa, na maharusi wanaoinama kupokea baraka wanaiona usawa wa macho yao. Ivue na uiache katika chumba cha kubadilishia, kisha uifunge tena baada ya ibada. Soksi nazo zina neno. Kanzu ikiishia kifundoni, soksi za rangi ya malai zinazokuja na vazi la kukodi zinaonekana chini yake kila unapopanda ngazi, na ukumbini macho yote yanashuka huko. Vaa soksi nyeusi au za kijivu kizito. Kwa ndugu zetu wanaovaa kanzu nyeupe ya alba tahadhari ni kubwa zaidi, kwa kuwa kitambaa chembamba kikipigwa na mwanga wa dirisha kinaonyesha miraba yote.

Kuna wanaoacha kanzu na kuvaa joho jeusi la kuhubiria juu ya koti na kilti, likiwa wazi mbele, na vile vitambaa viwili vyeupe vya shingoni. Kwa harusi ya familia inayolipenda vazi lao, mimi naona ni sawa, na pengine ni bora kuliko kuficha kilti ambayo kila mtu anajua ipo. Kwa ibada ya kawaida ya Jumapili nisingefanya hivyo, kwa sababu watu wamekuja kusikiliza neno, na vazi jipya la mchungaji litahubiri kabla yake.

Nimeombwa pia na dada mmoja niseme neno kuhusu wanawake walio katika huduma. Hatulazimiki kuiga vazi la wanaume. Gauni refu jeusi, au sketi ndefu na shati la kichungaji lenye kola, pamoja na utepe mpana wa tartani, yaani kitambaa cha miraba ya rangi cha Kiskoti, uliopita begani na kufungwa kwa bruchi, linatosha kwa hafla yoyote ya usiku. Desturi ni bega la kulia, kwa kuwa la kushoto kwa kawaida huachiwa wake wa wakuu wa koo na wachache wenye vyeo vya aina hiyo. Wanaoshangaa wakumbuke kwamba hata vazi la zamani la Moderata, yaani mwenyekiti, wa Mkutano Mkuu wa Kanisa la Scotland, lenye suruali ya kuishia magotini, lesi na viatu vya bizimu, limeachwa na wengi walioshika wadhifa huo. Dkt. Alison Elliot alipokuwa mwanamke wa kwanza kuwa Moderata mwaka 2004, hakuhitaji suruali hizo ili kuongoza kikao.

Bin Joho alijibu:

Mimi ni Mwislamu, mwenyeji wa Muscat mwenye asili ya Unguja, na nimeishi Aberdeen kwa ajili ya kazi, kwa hiyo sina fatwa juu ya kola. Nitasema juu ya kisu tu. Kwetu bwana harusi huvaa kanzu, joho na jambia la fedha kiunoni, na hakuna anayemwuliza anakusudia kumchoma nani. Kisu cha soksini ni cha namna hiyo hiyo. Sheria ya Uskoti ya mwaka 1995 inayokataza kubeba vitu vyenye ncha hadharani, katika kifungu chake cha 49, inampa utetezi anayekibeba kama sehemu ya vazi la taifa, na pia anayekibeba kwa sababu za dini. Lakini ukisafiri kwa ndege, kiweke katika sanduku linalokwenda chini, usikipeleke mkononi. Mimi niliwahi kuliacha jambia la baba yangu kwa saa nzima mezani kwa maafisa wa uwanja wa ndege kwa kulisahau jambo hilo, na maneno niliyoambiwa nyumbani siyarudii hapa.

Kasisi Mstaafu aliongeza:

Nakubaliana na Bin Joho kuhusu karamu. Kanisani mimi hukiacha. Sina andiko la kukataza, ila naona mtumishi anayepiga magoti mbele ya meza ya Bwana hana haja ya chuma mguuni, hata kama ncha yake ni butu.

Fundi wa Leith aliongeza:

Mchungaji hajatuambia kilti yake ni ya tartani gani, na nina hakika kuna mtu atamwuliza ukumbini. Ipo tartani iitwayo ya makasisi, ambayo bluu na nyeusi ndizo zinazotawala, nayo ni miongoni mwa chache zinazohusishwa na kazi badala ya ukoo. Inakwenda vizuri sana na nguo nyeusi za kichungaji. Hakuna sheria inayomkataza mtu asiye wa ukoo fulani kuvaa tartani yake, isipokuwa kwamba adabu inazilinda chache, hasa ile ya Balmoral ambayo ni ya familia ya kifalme. Mgeni anayetaka kukwepa maswali huchagua Black Watch, yaani tartani ya kikosi cha jeshi chenye jina hilo, au tartani ya wilaya anayoishi. Zote zinazotambuliwa huandikwa katika Rejista ya Tartani ya Uskoti, iliyofunguliwa mwaka 2009.

Na kama mtu atasema kwamba mchungaji hana ukoo katika mambo haya, mjibu kwa majina yao wenyewe. Macpherson maana yake ni mwana wa paroko, MacTaggart ni mwana wa padri, MacNab ni mwana wa abati, na Clark ni karani wa kanisa. Wamejaa watoto wa makasisi!

Mgeni wa Clyde alirudi:

Wapendwa, mmenisaidia kuliko nilivyotarajia. Kilti yangu ni ya tartani ya wilaya ya Glasgow, jambo ambalo sikulitilia maanani hadi niliposoma maneno ya Fundi, na sasa ninaelewa kwa nini wazee walisema kwa msisitizo kwamba «hii ni ya mahali, siyo ya mtu».

Nimeagiza kizibao cha kichungaji kwa ajili ya tarehe 30 Novemba, na kwa harusi nitakodi koti jeusi la Argyll ili nilijue kabla sijalinunua. Katika ibada nitavaa joho likiwa wazi juu ya kilti, kama Mama wa Fife alivyoruhusu, kwa kuwa bibi harusi mwenyewe ameniomba nisiifiche. Kuhusu kubadilisha kola kwa tai baada ya vyeti kutiwa sahihi, naomba radhi kwa Kasisi Mstaafu: nitabaki na kola. Familia ile imefiwa mwaka huu, na najua kwamba kabla usiku haujaisha kuna watu watakaotaka kuketi kando na mchungaji, nao wanapaswa kuniona kwa urahisi.

Jana nilikwenda kwa yule mzee nikamweleza habari ya kisu, kwamba nitakiacha mezani katika chumba cha kubadilishia wakati wa ibada na kukichomeka soksini tukielekea ukumbini. Alinyamaza kidogo, akaniambia kwamba baba yake, aliyekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, alikuwa akifanya hivyo hivyo, na kwamba rafu anayoitaka kisu kiwekwe ni ile ya kushoto, karibu na kitabu cha matangazo.